Lifti ya Thuy Son, kosa liko wapi hasa?

Kuna ubishi hauishi kila akitajwa mtu aliyefika Da Nang, Vietnam, kwenye ile milima mitano ya marumaru, kwamba eti kuweka lifti kwenye mlima wa ibada ni kuuza dini mchana kweupe. Mi nilienda nikiwa upande wa wanaopinga, tena kwa kelele, nimerudi hata sielewi niko wapi.

Wanaopinga wana hoja, tusiwabeze. Milima hiyo ina majina ya chuma, mti, maji, moto na udongo, na wenye pagoda, yaani mahekalu ya Wabudha, na mapango wanayoyafuata watu wengi ni Thuy Son, mlima wa maji. Njia za kupanda kwa miguu ni mbili, upande mmoja ngazi 156 hadi pagoda ya Tam Thai ambayo mfalme Minh Mang aliijenga upya 1825, upande wa pili ngazi 108 hadi pagoda ya Linh Ung. Sasa hiyo 108 ndo hesabu ya punje za tasbihi ya Wabudha, yaani mtu akipanda taratibu huku anavuta uradi wake anamaliza na mzunguko mzima, halafu wewe unalipa dong 15,000, unabonyeza kitufe, umefika juu hata jasho hujatoa. Hapo wakikasirika nawaelewa kabisa.

Lakini siku niliyoenda mbele yangu kwenye foleni ya lifti kulikuwa na bibi kashika fungu la udi, mgongo umepinda, anasindikizwa na mjukuu. Huyo bila lifti angeishia getini akatazama juu tu. Na wanaosema lifti imeua kuhiji wasubiri wafike juu kwanza, maana mapango yenyewe hayana njia rahisi! Van Thong unajipenyeza gizani kwa mikono na magoti, na Huyen Khong lazima ushuke ngazi za mawe zinazoteleza ndo umkute Budha kakaa juu ukutani, mwanga unamwagika toka matundu ya paa, moshi wa udi unacheza humo. Niliingia naongea nikajikuta nimenyamaza.

Halafu wanaposema mlima ubaki "kama zamani", zamani ipi? Kabla ya Wabudha, Wacham, wenyeji wa zamani wa eneo hilo, waliabudu miungu yao humo, alama zao bado zipo, na wakati wa Vita vya Vietnam wapiganaji wa Viet Cong, waasi wa kikomunisti waliopigana na Wamarekani, walijificha mapangoni huku uwanja wa ndege wa kijeshi wa Wamarekani uko pale chini. Mlima umeshabeba mengi kuliko kilifti cha vioo.

Kinachoniudhi mimi ni Am Phu, pango la kuzimu, lililoko chini ya mlima huohuo na lina tiketi yake pembeni. Fundisho lake zito, unashuka kwenye adhabu halafu unapanda ngazi kuelekea mbinguni, ila wamelijaza sanamu za mashetani na mataa ya rangi mpaka watu wanapiga selfi na wanaochomwa moto, wanacheka. Hilo halimsaidii yule bibi wa udi kwa lolote, ni biashara tupu.

Na tukisema madhara ya kweli basi tuseme uchongaji. Kijiji cha Non Nuoc pale chini kimeishi kwa kuchonga sanamu za marumaru miaka na miaka, na jiwe lilikuwa linakatwa kwenye milima hiyohiyo, mpaka ikapigwa marufuku na leo mawe wanayaleta kutoka mikoa mingine kama Thanh Hoa. Lifti ukiichoka unafungua nati unaishusha, mlima uliokatwa ukauzwa kama simba wa getini unaurudisha na nini? Ajabu wanaopiga kelele za lifti wengi nimewaona wanatoka hapo wamekumbatia kasanamu kwenye mfuko.

Nikirudi nitapanda zile 156 za upande wa Tam Thai, nizunguke mapango yote, halafu kushuka nakamata lifti, magoti haya si ya juzi.