Barua ya maombi haisemi kila kitu: mmisionari na familia yake ugenini

Mmisionari Mwingereza William Carey alipofunga safari ya India mwaka 1793, mkewe Dorothy alikataa kwenda. Alikuwa mjamzito, na hakuwahi kuomba maisha hayo. Safari ya kwanza ilipokwama, mume alirudi kumbembeleza, naye akakubali kwa sharti kwamba dada yake afuatane nao. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter, mwenye umri wa miaka mitano, alikufa kwa kuhara damu. Akili ya Dorothy ilivurugika na haikurudi hadi alipofariki mwaka 1807. Katika miaka hiyo hiyo Carey alikuwa akitafsiri Biblia, kazi ambayo inasifiwa mpaka leo.

Mashirika ya misheni yamebishana tangu zamani kuhusu namna ya kuzuia yaliyompata Dorothy. Wapo wanaosema mmisionari azame: aishi kama wenyeji, ale wanachokula, ajifunze lugha kwa kukaa nao, na asijifungie kwenye kituo chenye uzio pamoja na wageni wenzake. Wapo wanaosema akingwe: apewe nyumba nzuri, likizo za uhakika, mshauri wa kisaikolojia, shule ya kueleweka kwa watoto na tiketi ya kurudi hali ikichafuka. Wa kwanza huwashutumu wa pili kwa kujenga kisiwa. Wa pili hujibu kwamba makaburi ya wamisionari yamejaa watu waliozama.

Ukitazama waliozama vizuri, utaona hawakuachwa wazame peke yao. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwataka watu wake wavae, wale na waseme kama wenyeji. Lakini aliweka pia kanuni kwamba wasiishi chini ya watatu mahali pamoja. Aliwataka wazame, na hapo hapo akawapa kinga. Tusisahau tu kwamba hao walikuwa watawa wasio na mke wala mtoto, na familia ndipo hesabu inapoharibika.

Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza mshtuko wa utamaduni, yaani msukosuko wa mtu anayeishi katika utamaduni usio wake, kwa hatua: furaha ya mwanzo, kisha hasira na kukata tamaa, kisha kupata nafuu, mwishowe kuzoea. Maelezo hayo yamewasaidia wengi kujua kwamba hawajarukwa na akili. Tatizo ni kwamba yanamzungumzia mtu mmoja, na familia haipandi ngazi hizo pamoja. Baba ana kazi, ratiba na watu wanaomsubiri. Mtoto anaokota lugha uwanjani ndani ya miezi michache. Mama anabaki nyumbani, na akienda zahanati analazimika kumtumia mwanawe wa miaka minane kama mkalimani wa ugonjwa ambao hapendi mwanawe aujue. Mwenye kutathmini hali ya familia hiyo kwa kumuuliza baba atapewa jibu la kweli kuhusu mtu mmoja.

Watoto ndio eneo gumu zaidi la mjadala huu, na hapo sioni kambi yenye mikono safi. China Inland Mission, iliyoundwa na mmisionari Mwingereza Hudson Taylor mwaka 1865, iliwavalisha wamisionari wake mavazi ya Kichina, lakini kuanzia mwaka 1881 watoto wao walisomeshwa Kiingereza katika shule ya bweni ya Chefoo. Vita Kuu ya Pili ilipofika huko, Wajapani waliwafungia wanafunzi na walimu wao, na wengi wakakaa kizuizini bila wazazi hadi Agosti 1945. Shule nyingine ya aina hiyo, ya Mamou nchini Guinea, ilifungwa mwaka 1971. Tume huru ilipotoa ripoti yake mwishoni mwa miaka ya 1990, ilithibitisha kwamba watoto walidhulumiwa pale kwa miaka mingi. Watetezi wa bweni nao wana hoja. Wapo wahitimu wa shule kama hizo wanaozikumbuka kwa upendo, na kumfundisha mtoto nyumbani mara nyingi humaanisha mama apewe kazi ya pili isiyo na mshahara.

Sasa tuje kwenye fedha, maana mashirika hupenda kulikwepa jambo hili. Wamisionari wengi wa Kiprotestanti huishi kwa michango ya watu na makanisa, na michango hufuata barua ya maombi, ile ambayo mmisionari huwaandikia wachangiaji kuwaeleza kazi yake na kuwaomba wamwombee. Mfikirie anayeiandika usiku. Aya ya tatu inasema mke wake halali tangu mwezi uliopita na hataki kutoka nje. Anaisoma tena, anaifuta, na mahali pake anaweka idadi ya waliobatizwa. Hajadanganya, ila amepiga hesabu: mchangiaji atauliza kwa nini amlipe mtu aliyeshindwa. Mwezi unaofuata ni hivyo hivyo, mpaka siku familia inapanda ndege na kanisa linashangaa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1997 ulikadiria kwamba karibu mmisionari 1 kati ya 20 huacha kazi kila mwaka, na kwamba nyingi ya sababu zingeweza kuzuilika.

Wapinzani wa huduma hizi za kumkinga mmisionari wana swali la haki. Mmisionari akiugua anasafirishwa kwenda kutibiwa, wakati mwinjilisti mwenyeji aliyefanya naye kazi ile ile, tena kwa ujira mdogo, anabaki kuombewa. Wenyeji wanaliona hilo, hata kama kwa adabu hawalisemi. Lakini dawa yake ni kumpandisha mwenyeji naye ahudumiwe vivyo hivyo. Kumwacha mgeni afe hakumsaidii mtu. Wengine hudai kwamba huduma zinazalisha watu laini. Hoja hii siipi uzito, maana mara nyingi hutolewa na aliyebaki nyumbani.

Mimi ningeanza na mambo mawili kabla ya kugusa nyumba, shule au likizo. Mke na mume waulizwe kila mmoja peke yake kabla ya kutumwa, na "hapana" ya mmoja itoshe kusimamisha safari. Pili, mshauri wa familia asiripoti kwa wanaolipa. Hili la pili litapingwa, kwa kuwa wachangiaji wana haki ya kujua fedha zao zinafanya nini. Wapewe hesabu za fedha. Usingizi wa mama si sehemu ya hesabu hizo. Utaratibu huo uendelee hata baada ya familia kurudi, kwa sababu huko nako mtoto ataulizwa kwao ni wapi, na wazazi watapewa Jumapili moja ya kutoa ushuhuda kabla ya kuanza kutafuta kazi.