Samaki Aliyeshindwa Apewe Pa Kukimbilia

Mfugaji akiona samaki mmoja anamkimbiza mwenzake kutwa nzima ndani ya tangi, kwa kawaida humtafuta mkosaji. Huyu ni mkorofi, atolewe. Yule ni mnyonge, aokolewe. Msimamo wangu ni kwamba ugomvi unaodumu katika tangi la nyumbani, mara nyingi, chanzo chake ni mpangilio wa tangi lenyewe, na kwamba mfugaji anayeanza kwa kurekebisha mpangilio huo hulazimika mara chache kumwondoa samaki yeyote.

Ili kuelewa kwa nini nasema hivyo, inafaa kwanza kutazama jinsi samaki wanavyopigana. Chukua madume wawili wa jamii ya perege wanaogombea pango moja. Hawaanzi kwa kung'atana. Kila mmoja hutandaza mapezi yake ili aonekane mkubwa, rangi hukolea, na vifuniko vya matamvua hupanuka. Kisha hujipanga ubavu kwa ubavu, mara nyingi kichwa cha mmoja kikielekea mkia wa mwingine, wakapigiana mikia bila kugusana. Maji yanayosukumwa humfikia mpinzani ubavuni, mahali penye mstari wa kuhisi mtikisiko wa maji, na hapo kila mmoja hupata kipimo cha nguvu za mwenzake. Wakiwa bado hawajaamuana, hushikana midomo na kusukumana. Mara nyingi shauri huishia hapo: mmoja hukunja mapezi, rangi yake hufifia, hugeuka na kwenda zake, na mshindi humfukuza kidogo kisha hurejea pangoni.

Desturi hiyo yote inategemea jambo moja, nalo ni kwamba aliyeshindwa anaweza kuondoka. Ziwani au mtoni, mita chache tu zinatosha kumtoa nje ya mpaka wa mshindi, na uhasama unaisha. Katika tangi lenye urefu wa sentimita 80, samaki huyo huyo hukimbia mpaka ukutani na bado yuko mbele ya macho ya aliyemshinda. Ameshakubali kushindwa kwa kila ishara aliyo nayo, lakini mshindi anamwona hajaondoka, naye humchukulia kama mpinzani asiyesikia. Atamfuata tena, na tena, mpaka mapezi yararuke na magamba yatoke. Kwa hiyo ninapoona samaki ameuawa na mwenzake tangini, swali langu la kwanza ni kama marehemu alikuwa na mahali pa kwenda.

Kazi kubwa ya mfugaji, basi, ni kukata upeo wa macho. Tangi lenye changarawe tupu katikati na pango moja kwenye kona ni tangi la mfalme mmoja, kwa sababu atakayelishika pango ataona kila kinachopita. Mawe na mizizi yapandishwe karibu na uso wa maji, mimea mirefu isimame kama mapazia, na mapango yazidi idadi ya samaki, kila moja likiwa na matundu mawili ili anayekimbizwa asinaswe ndani. Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi yenyewe kabla changarawe haijamwagwa, maana perege na jamaa zake ni wachimbaji, na mnara uliojengwa juu ya changarawe huporomoka. Kuna kipimo rahisi ninachokiamini kuliko ushauri mwingi: weka jicho lako mwisho mmoja wa tangi, usawa wa katikati ya maji, na uangalie. Ukiuona ukuta wa upande wa pili, samaki naye anauona, pamoja na kila aliye njiani.

Hapo pia ndipo umbo la tangi linapokuwa muhimu kuliko lita zake. Samaki wengi wenye tabia ya kumiliki eneo hupima eneo hilo kwa sakafu, na tangi refu la kwenda juu, hata likiwa na maji mengi, huwa na sakafu ndogo ya kugawana. Wanaonunua tangi kwa ajili ya samaki wa namna hii wachague urefu na upana.

Suala la pili ni nani anaishi na nani. Samaki humshambulia zaidi anayefanana naye, kwa kuwa huyo ndiye anayetaka chakula kile kile, pango lile lile na jike yule yule. Konrad Lorenz na Niko Tinbergen, wanasayansi wa tabia za wanyama waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Karl von Frisch, walilichunguza jambo hili kwa kina. Lorenz aliona kuwa samaki wenye rangi kali wa miamba ya matumbawe huwashambulia wa aina yao kuliko wengine. Tinbergen naye alimfanyia majaribio samaki mdogo wa Ulaya mwenye miiba mitatu mgongoni, ambaye dume lake hupata wekundu tumboni msimu wa kuzaliana: vinyago visivyofanana na samaki hata kidogo, mradi vilipakwa rangi nyekundu upande wa chini, vilishambuliwa kuliko kinyago kilichochongwa kwa ustadi bila wekundu huo. Fundisho kwa mfugaji ni la moja kwa moja. Aina mbili tofauti zenye rangi na mistari inayokaribiana zinaweza kuhasimiana kama ndugu, hata kama majina yao dukani hayana uhusiano.

Idadi nayo ina mambo yake, na hapa wafugaji wengi hukosea kwa kudhani kuwa wachache ndio salama. Puntigrus tetrazona, yule samaki mdogo mwenye mistari minne myeusi, ana sifa mbaya ya kukatakata mapezi ya wenzake. Akiwekwa mmoja au watatu, sifa hiyo huthibitika haraka. Wakiwa kundi la wanane au zaidi, sehemu kubwa ya vurugu hubaki baina yao wenyewe, ambako haina madhara makubwa, ingawa hata hivyo sitamweka pamoja na samaki mwenye mapezi marefu yanayoburura, kama skalare, yule samaki bapa mwenye umbo la pembetatu.

Mbuna, jamaa wa perege wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, wanahitaji maneno zaidi, kwa sababu wao ndio wanaotolewa mfano kila watu wanapotetea tangi lililojaa. Ni kweli kwamba mbuna hufugwa wengi kwa makusudi, na ni kweli kwamba inasaidia: panapokuwa na wakazi wengi, hakuna anayeweza kulinda mpaka kwa muda mrefu, na mashambulizi hugawanyika badala ya kumwangukia mmoja. Lakini msongamano huo unadai kichujio chenye nguvu, maji yabadilishwe kwa sehemu kubwa kila wiki, amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, zibaki sifuri, na kila dume awe na majike kadhaa. Bila hayo, mfugaji ameondoa kifo cha meno na kuleta kifo cha maji machafu. Tena mbinu hii ni ya mbuna. Kuihamishia kwa samaki wengine ili kuhalalisha tangi dogo ni kuwatesa wanyama, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole.

Panapobidi kumtoa mtu, atolewe mshindi. Najua moyo humwendea mwenye majeraha, na kama hali yake ni mbaya atengwe, atibiwe katika maji safi na kulindwa dhidi ya magonjwa ya ukungu na madoa meupe, maana samaki aliyechoshwa na hofu hana kinga ya kutosha. Lakini kumtoa mnyonge peke yake hakumalizi kitu: nafasi yake huchukuliwa na anayemfuata kwa udhaifu. Mshindi akiwekwa pembeni kwa wiki moja au mbili, na mawe yakapangwa upya akiwa hayupo, hurudi akiwa mgeni katika nyumba ambayo wenyeji wameshagawana. Kwa sababu hiyo hiyo, samaki mpya aingizwe siku mapango yanapohamishwa, baada ya wenyeji kulishwa, taa ikiwa imezimwa. Asiye na tangi la pili atumie kizuizi chenye matundu. Na mfugaji asisubiri kuona mbio ndipo ajue kuna tatizo. Samaki anayekaa juu kwenye kona, nyuma ya hita, mapezi yakiwa yamefungwa, ambaye haji wenzake wanapokula, anapigwa hata kama hujawahi kushuhudia.

Wapo samaki ambao mpangilio hauwatoshi. Madume wawili wa Betta splendens, yule samaki mpiganaji wa Siam, hawawekwi pamoja katika tangi la nyumbani, mimea iwe mingi namna gani, kwa kuwa wametoka katika vizazi vilivyochaguliwa kwa ajili ya mapambano. Wazazi wanaolinda mayai ni suala jingine kabisa. Jozi ya perege wadogo wenye mistari kutoka Amerika ya Kati, Amatitlania nigrofasciata, inaweza kuwasukuma wakazi wote wa tangi kwenye kona moja, na wanafanya hivyo kwa sababu wana watoto. Hawa sioni haki ya kuwaita wakorofi. Wahamishiwe katika tangi lao kabla ya kutaga, au kizuizi kiwekwe mapema na kibaki mpaka vifaranga vianze kujitegemea, kisha jike aangaliwe kwa karibu, maana dume anayetaka kuzaliana tena kabla jike hajawa tayari humgeukia yeye, naye atahitaji lile pango lenye matundu mawili kuliko yeyote.