"Mali Ikishauzwa Hairudishwi": Tangazo la Ukutani Lina Nguvu Kiasi Gani?

Kwenye kuta za maduka ya Mwanjelwa, Makambako na mjini Iringa tangazo ni lile lile: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mara nyingine limegongwa muhuri mgongoni mwa risiti. Mteja aliyerudi kulalamika kuwa friza haigandishi huonyeshwa ukuta kwa kidole, na mazungumzo yanaishia hapo. Wengi huondoka wakiamini sheria imeshasema, kumbe haijasema hivyo. Ila na mteja anayedhani kila kisichompendeza kinadai hela yake irudi naye amekosea, na kosa hilo ndilo linalowafanya wafanyabiashara wawe wagumu kwa wote.

Aliyenunua viatu kisha akavikuta kwa bei nafuu kwenye duka jingine la Kabwe, Mbeya, hana haki ya kisheria ya kurudishiwa hela. Viatu ni vizima na mauzo yamekamilika. Muuzaji akikubali kumbadilishia, amemfanyia hisani. Hapo tangazo lina nguvu zake zote.

Linaishiwa nguvu pale bidhaa inapokuwa mbovu au siyo ile iliyoelezwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inaweka ndani ya mauzo masharti ambayo hayahitaji kuandikwa popote. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo, akiambiwa matumizi na mteja akategemea ujuzi wake, anatakiwa kutoa kinachofaa kwa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Kuhusu muhuri wa mgongoni mwa risiti, jambo liko wazi: risiti hutolewa baada ya hela kupokelewa, na mtu hawezi kusemwa amekubali sharti ambalo hakuwa ameliona alipokuwa akinunua.

Hata hivyo muuzaji ana hoja nzito kuliko wateja wanavyopenda kukiri. Mzigo umetoka Kariakoo, zaidi ya kilometa 800 hadi Mbeya, na aliyemuuzia kwa jumla huko ana tangazo hilo hilo. Hela ya friza imeshanunua mzigo mwingine. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, imeshapeleka mauzo TRA, mamlaka ya mapato, na kuyarekebisha kunataka nyaraka ambazo duka lisilo na mhasibu linaziogopa. Kubwa kuliko yote, hajui friza ilipitia nini baada ya kutoka mlangoni kwake.

Chukua friza inayokwenda Tukuyu. Inalazwa kwenye keria, mafuta ya kompresa yanatiririka kuingia kwenye mabomba, na ikifika tu inachomekwa. Ilitakiwa kwanza isimame wima kwa saa kadhaa; kama ililazwa safari nzima, ni salama zaidi isubiri hadi kesho yake. Au inafungwa kijijini mwisho wa laini, ambako umeme unaotakiwa kuwa volti 230 unashuka sana jioni watu wote wakiwasha. Kompresa inanguruma bila kuanza, inapata moto, waya za ndani zinaungua. Hiyo si kasoro ya kiwandani, na muuzaji anayekataa kuilipia anatetea mtaji wake kwa haki.

Tatizo ni kukataa kabla ya kukagua. Friza ambayo kompresa yake inazunguka vizuri lakini tangu saa ya kwanza haitoi ubaridi huenda imevuja gesi, na gesi haivuji kwa sababu ya umeme mdogo. Fundi mwenye mita anatofautisha hali hizo mbili bila shida. Mteja naye huharibu kesi yake mwenyewe hapa hapa: anaita fundi wa mtaani, fundi anafungua na kuongeza gesi, siku tatu baadaye ubaridi unapotea tena, ndipo anakwenda dukani. Muuzaji akiona alama za kulehemu upya, hana tena cha kujadili, na hata hakimu atapata taabu kumlaumu.

Afadhali kuzima, kuchomoa, kurekodi video, kupiga picha namba ya mashine, na kumwandikia muuzaji ujumbe siku hiyo hiyo. Simu peke yake haitoshi kwa sababu haiachi maandishi. Kisha wakubaliane fundi mmoja, aandike alichokiona, na gharama yake ailipe atakayebainika na kosa. Haraka hii ina sababu ya kisheria: anayekaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kumwambia muuzaji kuwa anaikataa huhesabiwa ameikubali. Baada ya hapo anabaki na haki ya kudai fidia, si kurudisha bidhaa na kuchukua bei yote.

Muuzaji akisema "nakubadilishia, hela sina", ofa hiyo isidharauliwe. Friza nyingine iliyowashwa na kujaribiwa dukani inafaa kuliko kesi ya miezi. Asichopaswa kukubali mteja ni kulazimishwa kuchukua bidhaa nyingine asiyoihitaji, "ya thamani hiyo hiyo", ili tu stoo ya mwenye duka ipungue.

Mbegu ni suala zito zaidi, na hapa naona kurudisha bei pekee hakutoshi. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba. Ekari moja ya mahindi hula takriban kilo 10 za mbegu. Zisipoota, bei ya mbegu ni sehemu ndogo ya hasara. Kuna kulima, mbolea, vibarua, na majuma yasiyorudi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaruhusu kudai hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji wa makubaliano. Lakini muuzaji wa pembejeo atauliza, na ana haki kuuliza: ulizifukia kina gani? Ulipanda kabla mvua haijakolea? Jibu linatoka kwenye mbegu ambazo hazijapandwa. Zihesabiwe 100 za pakiti ile ile, ziwekwe kwenye mchanga wenye unyevu, zihesabiwe zilizoota baada ya siku saba. Pakiti, lebo na namba ya loti vihifadhiwe, afisa ugani aone shamba kabla halijapandwa upya, na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wapewe taarifa.

Muuzaji akishupaa, aandikiwe barua ya madai nakala mbili: tarehe ya kununua, bei, kasoro, kiasi kinachodaiwa, na siku 14 za kulipa. Nakala moja isainiwe kuwa imepokelewa. Uongozi wa soko mara nyingi humaliza jambo hapo. Polisi si mahali pa kuanzia, kwani mgogoro wa ubora ni madai. Unakuwa jinai pale muuzaji alipodanganya tangu mwanzo ili ajipatie fedha. Wala kumtangaza mtandaoni kuwa tapeli si salama, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa.

Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na husikiliza kwa Kiswahili. Wengi hukwama kwenye jina. Jina lililoandikwa juu ya mlango haliwezi kushitakiwa kama halijasajiliwa kuwa kampuni. Anayeshitakiwa ni mmiliki. Leseni ya biashara iliyobandikwa dukani ina jina lake, kwa hiyo ipigwe picha mapema. Hela iliyolipwa kwa lipa namba huacha kumbukumbu ya biashara. Iliyotumwa kwenye simu ya kijana wa dukani humpa bosi nafasi ya kusema hakuipokea.

Na ushindi wenyewe si hela mkononi. Anayeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na asipolipa, mdai lazima arudi kuomba kukaza hukumu ili mali ikamatwe. Wakati huo ataulizwa mali hiyo ipo wapi, na ni yeye atakayetakiwa kuionyesha.