Wigi la Mama Mkwe Lilivyofanyiwa Saluni Shimla

Katika ukoo wa mke wangu maamuzi makubwa hupitishwa na mama mkwe. La kwenda Shimla, mji wa milimani huko India, alilipitisha hotelini Chandigarh, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Tulikuwa tumetoka Dar kuja kwenye mahafali ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuwa akisoma huko. Mahafali yakaisha, joho likarudishwa, tarehe ya kurudi nyumbani ikawa bado. Shemeji akasema milimani si mbali, kuna treni ndogo, kuna mandhari, ila kuna baridi.

"Baridi ya namna gani?" mama akauliza.

Akaambiwa mwezi huu wa Novemba usiku inaweza kushuka mpaka karibu na nyuzi 5. Akacheka. "Mimi nimezaliwa Marangu."

Mimi nimezaliwa Tanga, lakini hakuna aliyeniuliza.

Sasa, habari za wigi. Lilinunuliwa Kariakoo kwa laki nne na nusu, nywele halisi za binadamu, linamwagika mpaka mabegani, na muuzaji aliapa kwa jina la mama yake mzazi. Lilinunuliwa kwa ajili ya mahafali, lakini kitu cha laki nne na nusu hakivaliwi siku moja. Usiku lililala kwenye kichwa chake cha plastiki, kichwa ambacho kilisafiri sandukuni na kuwashtua watu wa usalama uwanja wa ndege walipofungua zipu wakakutana nacho kikiwatazama. Miaka yote niliyooa, sikuwahi kukiona kichwa cha mama mkwe bila kitu juu yake. Wapwani na Wachaga tunatofautiana mambo mengi, ila hapo tuko pamoja: mkwe ana mipaka ya kutazama.

Treni ya Kalka, mji ulio chini ya milima, kwenda Shimla ni ya mwaka 1903, na UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Kutoka chuma hadi chuma ni milimita 762 tu, kwa hiyo behewa lenyewe ni la kuombana radhi kwa magoti. Kilomita 96 zinachukua kama saa tano, kwa sababu inapanda ikizunguka, inaingia handakini, inatoka, inaingia tena. Mahandaki ni 102. Kijana wangu alijipa kazi ya kuyahesabu, lakini kila alipofika thelathini na kitu bibi yake alimpa kitu cha kutafuna, hesabu ikaanza upya. Handaki refu kuliko yote, namba 33, linapita kilomita moja, na baada yake kuna kituo cha Barog ambapo kila mtu anashuka kununua sambusa za viazi na chai ya maziwa. Shemeji akatusimulia kisa kinachosimuliwa hapo: mhandisi Mwingereza alianza kuchimba kutoka pande mbili za mlima, pande zikashindwa kukutana, wakubwa wake wakampiga faini ya rupia moja.

"Rupia moja?" mama akasema. "Mkandarasi wa barabara yetu angewachinjia mbuzi."

Shimla yenyewe iko kama mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mahali tambarare isipokuwa pale walipopalazimisha. Waingereza waliifanya makao makuu ya kiangazi mwaka 1864. Joto lilipozidi kule bondeni, serikali nzima ilibebwa na mafaili yake kupelekwa mlimani. Barabara kuu ya juu, The Mall, magari ya kawaida hayaruhusiwi. Ukitoka barabara ya chini unapanda ngazi mpaka roho ikuulize maswali, au unakata tiketi ya lifti. Tulikata tiketi. Pembeni yetu alipita mpagazi na friji mgongoni, amelifunga kwa kamba, anapanda ngazi zilezile tulizozikimbia, na mama akamtolea salamu ya Kiswahili kwa heshima kabisa. Naye akaitikia, sijui kwa nini.

Siku zetu zilikuwa za uvivu mtakatifu. Asubuhi chai mpaka saa nne, halafu tunakwenda kukaa The Ridge, ule uwanja wa juu, mbele ya kanisa la Christ Church lililowekwa wakfu mwaka 1857, tunaanika migongo juani. Mama alilikagua kanisa ndani na nje, kama mhazini wa usharika anayejua paa linagharimu nini, akatoka ameridhika. Mchana Lakkar Bazaar kutazama fimbo na vinyago vya mbao, jioni tunajikokota The Mall. Pale Scandal Point shemeji akaeleza kwamba, kwa mujibu wa watu, maharaja wa Patiala alitoroka na binti wa mkubwa wa Kiingereza. Mama akataka kujua binti alirudi? Walioana? Mahari ililipwa? Hakuna aliyekuwa na majibu. Akakaa pale zaidi ya alivyokaa kanisani.

Mimi muda wote huo nilikuwa nimevaa soksi mikononi.

Ndipo tukaenda Jakhu. Ni kilima kilicho juu ya mji, kina hekalu la Hanuman, mungu wa Wahindu mwenye sura ya kima, na sanamu yake ya mita 33 iliyosimamishwa mwaka 2010 inaonekana ukiwa sehemu nyingi za mji. Unapanda kwa vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Kilima kimejaa mierezi, na mama aliposikia ni ndugu wa mierezi ya Lebanoni, ile ya Biblia, akaanza kuigusa mmoja mmoja.

Kilima kimejaa pia kima wenyewe. Si wale nyani wa Mikumi wanaokaa kando ya barabara. Hawa ni wa kahawia, wafupi, uso wa waridi, na hakuna anayewagusa kwa sababu pale wako kwao. Kazi yao inajulikana India nzima: wananyakua miwani usoni, wanakimbilia juu, wanakaa na mali yako mpaka ulipe kwa chakula. Kwa hiyo pale chini kuna wazee wanakodisha fimbo, na wengine wanauza vipakiti vya vitu vitamu. Shemeji akatupanga mstari. "Miwani mfukoni. Simu mfukoni. Pochi chini ya koti. Msicheke nao, msiwaoneshe meno."

Tukatii. Mimi bila miwani naona watu kwa makadirio, lakini nikatii. Hakuna aliyesema lolote kuhusu nywele.

Tulikuwa tunapanda ngazi taratibu, mama mbele na fimbo yake ya kukodi, watoto wamemshika sketi. Nikasikia kishindo, halafu binti yangu akapiga kelele, halafu mke wangu akasema "Yesu!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata leba. Nikainua macho. Pale juu, kwenye ukingo wa ukuta, nikaona kitu cheusi kinachomwagika mpaka mabegani, kimekaa kinatazama bonde. Nikajiuliza mama amepandaje pale kwa magoti yale. Nikasogea kwa adabu.

"Mama, shuka taratibu, utaanguka."

"Baba," sauti ya mama ikatoka nyuma yangu, "mimi niko huku."

Nikatoa miwani, nikavaa. Kwenye ukuta, kima dume amekaa, wigi limekalia paja lake. Nikageuka nyuma. Mama mkwe amesimama katikati ya ngazi, mikono miwili kichwani, na kati ya vidole naona mistari ya twende kilioni, mvi nyeupe ubavuni. Nikavua miwani haraka. Hapo ndipo nilipojua ugumu wa msimamo wangu: nikivaa, navunja heshima; nikivua, sioni mwizi. Nikawa navaa nikitazama ukutani na kuvua nikitazama ngazi, mpaka kijana wangu akaniuliza kama macho yananiuma.

Mke wangu alimfunika mama kwa kanga yake. Na yule kima, badala ya kudai chakula kama desturi, akaanza kazi. Alilishika wigi kwa mkono wa kushoto, akalilaza pajani, kwa kidole cha kulia akagawa nywele mstari kwa mstari, akainama mpaka pua ikagusa, akachomoa kitu ambacho hakikuwepo, akakitia mdomoni, akatafuna. Akahamia mstari wa pili. Taratibu, bila haraka, anarudi pale alipopita kuhakikisha.

"Anatafuta nini?" mama akauliza.

Tukanyamaza wote.

"Nauliza anatafuta nini? Mimi nina chawa?"

"Hapana mama," shemeji akasema, "hiyo kwao ni kuonesha upendo."

"Akapende mkewe!"

Mkewe alikuwa ndiyo anafika. Kima jike, na mtoto chini ya tumbo, akakaa upande wa pili wa wigi akaanzia kwenye paji la uso. Sasa likawa na mafundi wawili. Watalii wamesimama, simu wamezitoa kule mafichoni, wanarekodi. Mama akaweka mkono kiunoni, akawasemesha wale kima Kichaga, maneno ambayo mke wangu alikataa kunitafsiria na bado anakataa. Dume akainua kichwa, akamsikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye mstari wake.

"Bibi," kijana wangu akasema, "kwani na wewe ukienda saluni wanakulipisha?"

Kijana anaruhusiwa, yeye na bibi ni watani. Mimi niliuma soksi ya mkono.

Akatokea mzee mmoja wa fimbo, kanzu ya sufi, manati shingoni. Akarusha kipakiti cha vitu vitamu. Dume akakitazama, akakiacha. Akarusha biskuti. Jike akachukua, akala kwa mkono mmoja, mwingine bado uko kazini. Mzee akatikisa kichwa, akaita kibandani, akaletewa juisi ya maembe ya pakiti. Hapo dume akasimama. Akalitupa wigi nyuma bila kuangalia, akaidaka pakiti, akaing'ata kona, akanywa. Wigi likaruka juu ya ukuta na kutua kwenye tawi la mwerezi, likaning'inia huko, upepo unalipeperusha. Kijana mmoja wa Kihindi aliliopoa kwa mti mrefu, akamletea mama kwa mikono miwili na kichwa kimeinama.

Mzee akanyoosha kiganja. "Paanch sau."

"Anasema mia tano," shemeji akatafsiri.

"Rupia mia tano za nini?"

"Juisi, biskuti, na kazi."

Mama akamtazama mzee, akamtazama kima, akamtazama mzee tena. "Mwambie juisi naijua bei, nimenunua jana, rupia ishirini. Na mwambie hawa wawili ni kampuni moja. Mmoja anaiba, mwingine anakomboa, jioni wanagawana. Kesi ya ngedere nipeleke kwa nyani?" Mzee akajibu Kihindi, mama akajibu Kiswahili, wakaelewana vizuri kuliko mimi na benki yangu. Walikubaliana mia mbili. Kima alikaa pale pale juu akafuatilia mazungumzo mpaka pesa ilipobadilishana mikono, ndipo akaondoka. Sisemi kitu.

Tuliposhuka, ndani ya kibanda cha waya, shemeji akaona afanye ualimu. Akasema nywele halisi nyingi za biashara duniani zinatoka India. Kule kusini, Tirupati, mahujaji kwa maelfu hunyolewa vichwa, nywele zao ni sadaka, hekalu linazinadi, viwanda vinanunua, na mwisho wa safari ni maduka kama ya Kariakoo. "Kwa hiyo mama, inawezekana yule aliona tu nywele za nyumbani."

Kibanda kikashuka juu ya mierezi. Mama alikuwa amelipakata wigi, ana majani ya mwerezi anayachambua.

"Sadaka?" akauliza.

"Sadaka."

"Yaani mimi mhazini wa usharika, miezi yote hii, natembea na sadaka ya watu kichwani."

Hakulivaa tena. Lilioshwa kwa shampuu ya hoteli, likarudi kwenye kichwa cha plastiki, dirisha limefungwa kwa komeo na kiti juu yake. Kesho yake Lower Bazaar akanunua ile kofia ya mviringo ya Himachal, jimbo la huko, ya sufi, yenye mkanda wa mbele. Ziko za kijani na za damu ya mzee. Shemeji akaanza tena: huku rangi za kofia kwa miaka mingi zilikuwa siasa, kijani ilivaliwa na watu wa chama cha Congress, damu ya mzee na watu wa chama cha BJP, mama uwe makini.

"Kijani," mama akamwambia muuzaji. "Kidumu Chama."

Ikamkaa kweli. The Mall wakawa wanamsimamisha wapige naye picha, familia nzima nzima, mabibi wa Kipunjabi wakimshika mkono, na mimi kwa mara ya kwanza tangu Jakhu nikaweza kuvaa miwani yangu kwa amani. Aliteremka nayo treni nzima, mahandaki yote. Tulipofika Kalka, mzee mmoja mwenye kofia ya damu ya mzee akasimama mbele yake, akaitazama ile ya kijani, akasema neno kwa ukali kidogo.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anauliza kama wewe ni mtu wa Congress."

"Mwambie mimi ni mtu wa Marangu," mama akasema, akampa shemeji lile sanduku lenye kichwa alibebe.