Kusimba takwimu peke yake hakutoshi

Kuna makala yanayosema kwamba mita ya umeme iliyounganishwa na intaneti ni salama mradi takwimu zake zisimbwe, yaani zifichwe kwa msimbo wa siri, zikiwa njiani kwenda kwa msambazaji wa umeme. Naomba kutofautiana, kwa sababu hatari kubwa huanza pale zinapofika na kufunguliwa. Mita inayosoma matumizi kila sekunde huonyesha birika la umeme likipanda ghafla hadi wati 2,000 kisha kuzimika baada ya dakika chache, na jokofu likiwaka na kupumzika usiku kucha. Anayeutazama mchoro wa matumizi hayo hujua umeamka saa ngapi na ni lini nyumba haina mtu. Jambo hili si geni: mtafiti George Hart alichapisha mwaka 1992 njia ya kutambua vyombo kwa kupima umeme mahali pamoja tu, na mwaka 2009 Seneti ya Uholanzi ilikataa kuzilazimisha nyumba kuwa na mita hizi kwa sababu ya faragha.

Ankara ya mwezi inahitaji jumla tu. Basi hesabu ifanyike ndani ya mita yenyewe, nayo iitie jumla hiyo saini ya kidijitali ili isichezewe, na isikubali kabisa sasisho la programu lisilothibitishwa, maana mita nyingi zina swichi ya kukata umeme, na anayeiteka huweza kuzima nyumba nzima akiwa mbali.