Mario Hajavalishwa Suti

Mpwa wangu ana miaka kumi na saba na mdomo usio na breki. Jumapili iliyopita alipita kwangu Sakina kuchukua chaja yake, akanikuta jikoni nimeisimamisha simu ndani ya bakuli tupu ili sauti itoke vizuri. Nilikuwa nasikiliza wimbo wa Mario, ule wa gemu ya Super Mario Bros., ukipigwa na bendi nzima: tarumbeta, tromboni, saksafoni, piano, na mtu wa dramu anayepapasa matoazi kwa brashi. Akasimama mlangoni kama nusu dakika, kisha akacheka.

"Anko, hawa wamemvalisha Mario suti."

Nilitaka kumjibu palepale, neno likanikwama. Akachukua chaja yake akaondoka, na mimi nikabaki nabishana na bakuli. Jibu lenyewe limenijia baadaye, ni refu kidogo, na halianzii kwenye jazi. Linaanzia Ngarenaro, hapa Arusha.

Mwaka 1998 nyuma ya genge moja la mkaa kulikuwa na banda la mabati lenye televisheni ya inchi 14 na mashine ya gemu. Tuliapa kuwa ni ya Kijapani. Kumbe ilikuwa moja ya zile kopi za Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya Japani, zilizosambaa Afrika na Asia, zenye kaseti ya njano iliyoandikwa kuwa ina gemu 9999, na ukizihesabu vizuri hazifiki ishirini, zilizobaki ni zilezile zimejirudia kwa majina mengine. Kaseti ikigoma unaitoa, unaipuliza, unairudisha. Shilingi hamsini, ukifa unampisha mwenzio.

Mwenye banda alikuwa mpenzi wa muziki wa dansi kupindukia. Radiokaseti yake ilikaa juu ya televisheni, ikipiga Msondo, Sikinde na Wakongo kuanzia asubuhi hadi anapofunga, na sauti ya gemu alitaka iwe chini ili isimharibie. Kwa hiyo sisi hatukumsikia Mario akiwa peke yake hata siku moja. Tulimsikia akichungulia katikati ya magita. Sebene likipanda, Mario anazama. Mwimbaji akivuta pumzi, Mario anaibuka. Hadi leo nikisikia gita la solo linaanza kupanda, kidole gumba cha kulia kinatafuta kitufe cha kuruka.

Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika kweli, hatukuondoka. Mmoja aliimba ule wimbo kwa mdomo, mwingine akapiga dumu la maji, wa tatu akawa anatoa milio ya sarafu. Kama hiyo si kupanga wimbo upya, basi sijui kupanga upya ni nini. Tulikuwa na miaka kumi, hakuna aliyetuambia kuwa tunaharibu kazi ya mtu.

Sasa nieleze kidogo mashine yenyewe, maana bila hapo hoja yangu haisimami. Famicom ya Nintendo ilitoka Japani mwaka 1983, na chipu yake ya sauti ilikuwa na njia tano tu. Mbili hulia kama filimbi ya bati, na hizo ndizo hubeba wimbo. Ya tatu ni nzito, hushika besi, na haina namna ya kupunguzwa wala kuongezwa sauti: ni kulia au kunyamaza. Ya nne ni mkwaruzo, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo, na huo ndio dramu. Ya tano hucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros. uliotoka mwaka 1985, gemu nzima, pamoja na picha, muziki, kobe na uyoga, ilitakiwa ienee kwenye kilobaiti 40 hivi. Picha moja ya harusi uliyotumiwa jana kwenye simu inaizidi mara nyingi.

Hapo ndipo penye utamu. Njia hizo chache zilitakiwa zipige muziki na wakati huohuo zitoe milio ya gemu. Mario akiruka, ule mlio wa kuruka hauna njia yake ya peke yake. Unamnyang'anya kazi mwimbaji wa pili, yaani moja ya zile njia mbili zinazobeba wimbo. Akiokota sarafu, ananyang'anywa yule wa kwanza. Ni kwa kitambo kifupi mno, halafu wanarudishiwa zamu yao. Maana yake ni kwamba kila mchezaji alikuwa anautoboa wimbo mahali pake. Mimi nilikuwa naruka sana bila sababu, hivyo Mario wangu alikuwa na matundu mengi. Jirani yangu alikuwa mwoga, anatembea polepole, na wake ulikuwa mzima zaidi. Wimbo ulikuwa mmoja, ila hakuna wawili tulioupata sawasawa.

Ndiyo maana nacheka nikisikia mtu analalamika kwamba mashabiki wanaopiga upya nyimbo za gemu wanaharibu asili. Asili ipi? Hata ule wimbo maarufu wa Tetris kwenye Game Boy ya mwaka 1989 ni wimbo wa kienyeji wa Urusi wa karne ya 19, Hirokazu Tanaka akaupanga upya utoshee kwenye kijimashine cha mkononi.

Turudi kwa mpwa wangu. Yeye ni mtu wa roki. Anapenda zile za magita yanayonguruma, dramu zinazokimbia kama boda boda iliyokosa abiria. Simlaumu, na kwa gemu fulani ana haki kabisa. Chukua Mega Man au Castlevania. Chipu ile haikuweza kupiga kodi nono, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kama gita, kwa hiyo watunzi walifanya ujanja: noti za kodi walizipiga moja moja kwa kasi, sikio likaziunganisha lenyewe. Mpiga gita wa roki akikutana na mbio hizo anajiona nyumbani, maana vidole vyake vimezoea kukimbia hivyohivyo. Bendi ya Minibosses ya Marekani imejijengea jina kwa muziki wa namna hii. Naye Nobuo Uematsu, mtunzi wa Final Fantasy mwenyewe, aliungana na wenzake wakaunda bendi ya The Black Mages, wakazipiga kwa roki nyimbo zake za mapambano. Albamu ya kwanza ilitoka 2003. Mtunzi akigeuka kuwa shabiki wa kazi yake, nani atamkataza?

Kinachonichosha ni roki ya kujaza. Mtu anachukua wimbo uliotungwa ukiwa na nafasi za kupumua, anamwaga magita manne kila mahali, dramu mbili za miguu hazinyamazi, mwisho hujui kama unasikiliza Mario au mashine ya kusaga mahindi pale Unga Limited. Ameongeza sauti lakini hakusikiliza. Nyingi ziko hivyo, na nasema hivi nikiwa nimezisikiliza nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye familia.

Jazi ina bahati moja: imezoea matundu. Mpiga saksafoni akinyamaza hapigiwi kelele, piano ataweka noti mbili na inatosha. Wimbo wa Mario wenyewe una mkato wa Kilatini tangu ulipotungwa, lafudhi inaangukia pale usipoitegemea, besi haikanyagi moja kwa moja. Ukiwapa wapulizaji hawana cha kuubadilisha sana, wanaufungulia madirisha tu. Hiyo bendi niliyokuwa naisikiliza kwenye bakuli ni The 8-Bit Big Band ya New York, inayoongozwa na Charlie Rosen. Mwaka 2022 Rosen na Jake Silverman walipewa Grammy ya upangaji kwa wimbo kutoka gemu ya Kirby Super Star, na mwaka uliofuata Maktaba ya Bunge la Marekani ikauingiza wimbo wa Mario kwenye hazina yake ya rekodi za kuhifadhiwa, muziki wa kwanza wa gemu kufika huko. Nimefurahi, ingawa sisi pale Ngarenaro tulikuwa tumeshauhifadhi bila kikao.

Halafu kwetu neno jazi halijawahi kuwa na suti. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga wakaja hapahapa Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1970, bendi ikaitwa Arusha Jazz, kabla hawajavuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, zote hizo ukizisikiliza ni magita na rumba. Rumba yenyewe ilitoka Cuba kwenye santuri, ikapita Kongo, ikafika huku ikapewa Kiswahili na kila bendi ikaitia mtindo wake. Wanamuziki wana neno lao kwa kazi ya kupiga wimbo wa wenzako: kopi. Kupiga kopi si aibu. Aibu ni kupiga kopi isiyo na mtindo wako. X Plastaz walichukua hip hop ya Wamarekani wakaichanganya na uimbaji wa Kimasai, na hakuna aliyesema wameivalisha hip hop lubega kama kumdhihaki mtu.

Nina rafiki, tulikuwa wote kwenye lile banda, siku hizi ni mpiga solo. Anapiga kwenye hoteli moja ambako wageni hulala kabla ya kwenda mbugani. Kila jioni ni zilezile, ule wimbo wa kuwasalimia wageni unapigwa hata mara tatu. Mwezi wa saba mwaka jana, baridi ile ya Arusha inayokufanya upige gita ukiwa na koti, wageni wachache na wamechoka, akachomeka Mario katikati ya sebene. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Mwenzake wa rithimu akamtazama, akaelewa, akamfuata kwa rumba ya polepole.

Wageni hawakugutuka sana. Mhudumu aliyebeba sinia la glasi alisimama katikati ya ukumbi kama aliyeitwa jina. Mpishi akatoka jikoni na upawa mkononi. Mlinzi akachungulia dirishani. Watu wa miaka yetu wote, na nyuso zao zote za darasa la nne. Meneja naye alikuja, baada ya wimbo akamwambia hapa si chekechea, wageni wamelipia Afrika. Nusura anyang'anywe Jumamosi zake. Neno hilo, kwamba wageni wamelipia Afrika, bado linaniwasha. Ile rumba ya Mario ilikuwa Arusha kuliko huo wimbo wa salamu.

Alinirekodia baadaye kwenye simu, na ndipo nilipogundua kitu. Gita la pili lilikuwa linakatika. Linafuata wimbo vizuri, kisha linapotea kidogo, linarudi. Nikadhani rithimu alikosea. Nikamuuliza.

"Hajakosea, bana," akasema. "Nilimwelekeza mimi. Wimbo ndivyo ulivyo."

Sivyo ulivyo. Ndivyo alivyoukumbuka. Alikuwa amebeba kichwani miaka yote hiyo wimbo wenye matundu ya kuruka kwake, na akampangia mwenzake anyamaze palepale alipokuwa akibonyeza kitufe.

Hapo ndipo nilipo na msimamo wangu, mpwa wangu akiusoma asinune. Katika kazi hizi za mashabiki nasikiliza kama aliyeupanga wimbo aliwahi kuicheza gemu yenyewe. Wa roki au wa jazi, sitazami ala. Kuna wapigaji hodari wanaochukua noti kutoka kwenye karatasi na kuzipiga bila kosa, na husikii kidole chao popote. Na kuna wanaokosea, ambao unasikia wazi kuwa hapa huyu mtu alikufa mara kumi na mbili kwenye ile steji ya maji inayokwenda kwa mapigo matatu, ndiyo maana anaipiga taratibu na kwa woga.

Jumatano nikawakutanisha. Rafiki yangu alitaka hatimaye ajue ile sauti ya pili inasema nini yote, bila matundu. Mpwa wangu ana gemu yenyewe kwenye simu. Nikamwambia aifungue, steji ya kwanza, halafu asiguse kitu.

"Nisicheze?"

"Usicheze. Asimame tu."

Kwa mara ya kwanza maishani tukamwona Mario amesimama mwanzo wa njia, hakuna adui anayemjia, wimbo unazunguka mzima. Pale bandani nani angelipa shilingi hamsini asimame? Rafiki yangu kainamisha sikio kwenye spika, gita pajani, anaokota noti moja moja. Sauti ya pili ina mambo mengi, inajibu, inapishana na ile ya kwanza, inafanya kazi ambayo hatukuwahi kuisikia tukiwa tunaruka. Alikuwa amefika kama nusu yake, anatikisa kichwa, anasema "kumbe, kumbe," saa ya gemu ikashuka chini ya mia moja. Ikalia ile kengele, na wimbo ukaanza kukimbia.

"Anko, niruke?" akauliza mpwa wangu.

"Usiruke!" tukajibu wote wawili, na gita likakimbizana na wimbo mpaka muda ukaisha na Mario akafa akiwa amesimama.