Swertia na Sehemu ya Saba

Kwa kukaushia mimea, hakuna karatasi kama ya magazeti ya udaku. Ni nyepesi, haina ule mng'aro wa majarida, inanyonya maji upesi. Nilinunua mzigo mzima kwa muuza vitumbua, kumbe ni toleo baada ya toleo, na kila toleo lina hadithi ya mapenzi inayoishia "itaendelea".

Tulikuwa kambi ya Horombo, Kilimanjaro, mita 3,720. Kibali mfukoni, na mashina 24 ya Swertia kilimandscharica, mmea wa maua wa ukoo wa jentiana, yamebanwa kwa ajili ya hebariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Nang'oa mmea na mizizi yake, nakung'uta udongo, naulaza ndani ya gazeti. Ua moja nalilaza kifudifudi, jingine nalifungua kwa ukucha, maana kwenye kitako cha petali kuna vishimo vya asali vyenye nywele pembeni, na wataalamu wa Swertia huvichungulia hivyo kabla hata hawajakusalimia. Juu ya gazeti karatasi ya kufyonza, kisha kadibodi, kisha gazeti jingine. Mbao juu na chini, mikanda miwili, unapiga goti unavuta. Magazeti yanabadilishwa kila siku kwa siku za mwanzo, la sivyo ukungu.

Jioni mzigo niliuweka kwenye hema la jikoni, hatua mbili kutoka kwenye jiko. Ukiusogeza karibu zaidi, maua yanatoka na rangi ya chai.

"Bosi, tunaweza kutupia jicho magazeti?" mpishi akauliza.

"Tupieni tu," nikajibu, nikaenda kulala.

Asubuhi nilikuta mikanda imekazwa kuliko nilivyoikaza mimi. Nikafungua. Gazeti la kwanza: Sehemu ya 1. La pili: Sehemu ya 2. Wapagazi watano walikesha, mpishi akiwasomea kwa sauti.

"Tumekupangia, bosi. Ulikuwa umezichanganya."

Namba za sampuli nilikuwa nimeziandika pembeni mwa magazeti, kwa uvivu, badala ya kufunga kijikaratasi chenye uzi kwenye shina. Nao wapagazi, maua yaliyoziba maandishi waliyaweka kando kwa adabu kwenye sinia, wakamaliza kusoma, wakayarudisha popote penye nafasi. Mmea wa mita 3,100 sasa ulikuwa unadai kuota 3,700.

Sehemu ya 7 ndiyo iliyoumia. Ua lilikuwa limegandia pale pale mume anapofungua mlango wa chumbani. Mpishi alilibandua kwa kisu cha vitunguu. Petali mbili zilisalia. Vishimo vya asali vilibaki vimenata juu ya neno "ghafla".

Kilichoniokoa ni daftari la penseli: urefu wa kila mmea kwa sentimita, idadi ya matawi, na rangi ya ua likiwa bichi, kwa kuwa zambarau ile hupauka ikikauka. Nikapima na kulinganisha siku nzima. Mashina 17 yalirudi kwenye namba zake. Saba yakakosa kwao, na mmea usiojulikana ulikotoka, hebariamu haina kazi nao.

Tukiteremka, mpishi aliomba aubebe mzigo mwenyewe.

"Bosi, Sehemu ya 8 mbona haimo?"

Nilikuwa nimeichana na kuisokota ndani ya viatu vilivyolowa. Nilipomwambia, hakunisemesha mpaka kambi ya Mandara.